Mtu Asiyekula kwa Watu

Nitaanza na ubaya wake, maana uzuri wake kila mtu wa Lubunga aliujua, na wengine bado wanausimulia na kuutia chumvi. Ubaya wake ni huu: Papa Katekista hakula kwa watu. Hakula kwetu, hakula kwa chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, hakula kwenye ndoa wala kwenye matanga. Ungemwekea kuku mzima mbele yake, angeubariki mlo huo vizuri kabisa, kwa maneno matamu mpaka mate yakudondoke, halafu angesimama, apanguse suruali na kusema, "Bon, mimi nilisha kula." Uongo mtupu! Katekista mzima, anadanganya mbele ya sahani.

Nilimpenda, ndiyo sababu jambo hilo liliniuma miaka na miaka. Mtu usiyempenda akikataa chakula chako, unakila wewe mwenyewe, mambo yanaisha.

Tulikaa ng'ambo ya kushoto, kule treni ya Ponthierville inakomalizia safari. Mji wenyewe, ambao Wazungu waliuita Stanleyville na sisi tuliuita Kisangani, ulikuwa ng'ambo ya pili, na watu walivuka mto kwa bac, ile pantoni kubwa. Sasa treni ilikuwa na tabia ya kuchelewa, na bac ilikuwa na tabia ya kufunga mapema. Nyumba ya Papa Katekista ilikuwa katikati ya tabia hizo mbili. Watu wa Maniema walishuka na vikapu vyao, kuku wao na watoto wao wenye usingizi, wakakuta pantoni imefungwa, na polisi hataki kuona mtu amelala stesheni. Papa Katekista alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, kama mtu anayengojea ndugu zake. Wenye ndugu walichukuliwa na ndugu. Waliobaki walikuwa wake.

Sisi tulibaki. Baba alikuwa akifanya kazi mjini, hakupata habari kwamba tunafika siku hiyo. Mama alikuwa ameonywa nyumbani asimwamini mtu wa mto hata akivaa msalaba, na Papa Katekista alikuwa mtu wa mto kweli kweli, wa kule Isangi, Kiswahili chake kimejaa Lingala, tena amevaa msalaba. Hakutuuliza jina. Alisema tu, "Mama, nyumba iko hapa karibu. Maji ya moto iko."

Mama alisimama akimtazama. Mdogo wangu akaanza kulia, na kilio kile kikaamua.

Kutouliza jina ilikuwa sheria kwake. "Jina inaweza kungoja," alisema, "tumbo haingoje." Watu walikula, wakaoga, wakalala, na asubuhi ndipo alipouliza wanaitwa nani na wanakwenda wapi. Alieleza hivi: Abrahamu aliwaona watu watatu jua likiwaka, akakimbia kuwapokea, hakuuliza hata mmoja wao katoka wapi. Kama angeanza na maswali, wangepita, na Sara angebaki bila mtoto. "Unaona?" alituambia sisi watoto, macho yakimng'aa. "Maswali inafukuza baraka."

Nyumba yake ilikuwa na kiti kimoja tu chenye mikono. Kilikuwa cha mgeni. Yeye alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, magoti yakimfika karibu na kidevu, na hapo aliwatazama watu wakila. Sijaona mtu mwingine aliyependa hivyo kutazama wenzake wakitafuna.

Mle ndani kulikuwa pia na sufuria ya pembeni, iliyofunikwa kwa kitambaa, ambayo haikuguswa na nyama ya nguruwe wala ya nyani. Ilikuwa ya wageni Waislamu. Ikibidi kuchinja kuku kwa ajili yao, alimwita mzee Mwislamu jirani yetu aje achinje yeye. Mupe wa misheni, padri Mzungu aliyekuwa mkubwa wake, hakuipenda habari hiyo. Papa Katekista alimjibu kwamba mgeni akila kwa wasiwasi, hajala.

Na kulikuwa na sheria ya serikali: mtu akilaza mgeni asiye na ruhusa ya kukaa mjini, lazima atoe habari. Chefu wa kartie alipita kuuliza, maana naye alikuwa na wakubwa wake.

"Katekista, leo uko na watu ngapi?"

"Eh, chefu. Daudi alihesabu watu, pigo ikakuja."

Chefu alikuwa mwana wa Wangwana, Mwislamu wa kurithi, na Daudi alimjua vizuri kama sisi. Alicheka, akanywa kahawa, akaenda zake. Siku nyingine hakucheka, akaonya kwamba watu wanaweza kunyang'anywa nyumba kwa mchezo huo. Papa Katekista akamsindikiza mpaka njiani, wakiongea polepole, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Lakini treni ilipolia alichukua kofia.

Hapo nimesimulia kana kwamba Papa Katekista ndiye aliyepokea watu, na mdomo wangu umedanganya kama wake. Aliyepokea ni Mama Katekista. Ndiye aliyetwanga sombe, majani ya mihogo, ndiye aliyeponda ndizi za lituma, ndiye aliyefua shuka za watu ambao hata sura zao alizisahau. Alikuwa mwanamke wa Yanonge, mfupi, mwenye mabega ya kupiga kasia, na kicheko kilichotangulia maneno yake. Siku moja kwenye kapela, kanisa letu dogo, mume wake alikuwa akifundisha habari ya Abrahamu, jinsi alivyokimbia kuwapokea wageni. Mama Katekista akasema kutoka benchi la wanawake, wala hakupandisha sauti: "Alikimbia, ndiyo. Alikimbia kwenda kumwambia Sara akande unga."

Wanawake walianguka kwa kicheko. Papa Katekista alikohoa, akaomba tuimbe.

Usifikiri basi kwamba alikuwa mtamu kwa wote. Nyumbani alikuwa mkavu. Sabuni nzuri ilikuwa ya wageni, mke wake aliogea vipande. Chumvi ikipungua, alinung'unika kama mzee wa soko. Kwa mgeni alisema "aksanti kwa kufika kwako," lakini sikumsikia akimwambia mke wake aksanti kwa chochote, na tuliishi ukuta kwa ukuta, maana baba alipata kiwanja pale pale jirani naye, tukakaa. Ningemsikia.

Tena hakujua kumwondoa mtu. Kulikuwa na tonton mmoja, mtu mzima wa Punia, aliyeshuka kwenye treni akienda kutafuta kazi mjini. Mto alikuwa akiutazama kila asubuhi, lakini hakuuvuka. Alikaa kwenye kiti kile mpaka kikachukua umbo lake. Mama yangu, ambaye methali zilimtoka kama kikohozi, alimwambia Papa Katekista, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Jembe akapewa. Akaliegemeza ukutani kwa heshima. Mwishowe tonton akaanza kupokea wageni wapya. Walipoingia, aliwanyoshea mkono bila kusimama na kuwaambia, "Karibuni kwangu, mujisikie." Papa Katekista alikuwa juu ya kinu chake, akiitikia kwa kichwa. Alifurahi, nakuapia. Aliona amepata mwanafunzi.

Sasa nieleze ni wapi yote haya yalitoka, maana watu walidhani ni wema tu. Ilikuwa neno. Papa Katekista alifundishwa dini kwa Lingala, kule mtoni. Na katika Lingala ya misheni, imani inaitwa boyambi. Lakini boyambi hiyo hiyo ni kupokea mtu, kumkaribisha, kumwambia ingia. Neno moja. Alipoletwa Lubunga kutufundisha sisi watoto wa Maniema kwa Kiswahili, alitafuta neno la kutuwekea mahali pa boyambi, na kati ya mawili yaliyokuwapo, kusadiki na kupokea, alichagua lile alilolielewa.

Basi alipouliza darasani, "Imani ni nini?" sisi wote tulijibu kwa wimbo: "Imani ni kupokea mugeni!"

Tuliliamini hilo kama tulivyoamini kwamba mto una maji. Ikaja siku ya mtihani wa komunyo ya kwanza. Mupe alikuja mwenyewe, ndevu zimechanwa, akaniita mimi.

"Mtoto, imani ni nini?"

"Imani ni kupokea mugeni!"

Alidhani nimekosa. Akamwita wa pili. Wa pili akajibu vile vile, kwa nguvu zaidi, apate kunipita. Kufika wa tano Mupe alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Tulitolewa nje, lakini madirisha ya kapela hayakuwa na vioo, na sisi tulikuwa na masikio.

"Umewafundisha nini hawa?"

"Boyambi, mon Père."

"Boyambi ni kusadiki!"

"Ndiyo, mon Père. Na mugeni akifika, munamufanya nini?"

"Munamuyamba," Mupe akasema polepole, yaani munampokea. Lingala alikuwa anaijua.

"Donc. Ni ile ile."

"Kwa Lingala ni neno moja. Kwa Kiswahili ni mawili!"

"Basi Kiswahili iko na shida, mon Père."

Hatukupewa komunyo mwaka ule. Tulijifunza upya, jibu refu lenye kusadiki yote aliyotufunulia Mungu, na Papa Katekista alitufundisha bila kuruka hata silabi moja, maana alikuwa mtii. Lakini alipomaliza alitutazama, akasema, "Bon. Hiyo ni ya mtihani." Mama yangu, ambaye maua yake meupe ya kunivalisha yalinyauka bure, alikasirika wiki nzima. Halafu akasema hajawahi kukutana na kosa lililolisha watu wengi hivyo.

Baba ndiye aliyechukizwa na lile jambo lingine, la kutokula. Alimwalika Papa Katekista kumshukuru kwa siku ile ya stesheni. Mama alipika wali wa kwetu, kuku, na mbinzo, wale viwavi wa msituni, zilizokaangwa vizuri. Papa Katekista alikuja, amevaa koti. Akabariki. Akasimama. "Mimi nilisha kula."

Baba alibaki na kijiko mkononi. "Huyu mutu anatufanya watoto," alisema mlango ulipofungwa. "Mimi nitabaki mgeni wake mpaka nikufe?"

"Anataka yeye peke yake awe Abrahamu," mama akajibu. "Sisi wote tuwe malaika. Na malaika hawapiki."

Nami nilikua na donge hilo. Hata mume nilimpata kwenye kile kiti: mchuuzi wa samaki, kijana wa Yanonge, aliyekosa pantoni siku moja akaomba maji kwa Papa Katekista, mimi nikiwa pale nimefuata moto wa kuwashia jiko letu. Tulipooana, Papa Katekista ndiye aliyetuombea. Nilimpelekea sahani mimi mwenyewe, na taji langu kichwani. Akasema amesha kula. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, siku ya ndoa yangu, kwa sababu ya sahani ya samaki.

Nikahamia Yanonge, mto unakoteremkia, kwa watu wa mume wangu. Siku moja nikamkuta Mama Katekista sokoni. Nikadhani amekuja kusalimia ndugu. Akasema, "Nimebaki hapa."

Habari ilikuwa imefika Lubunga na kurudi: Mama Katekista amekimbia wageni, wamemchosha. Hata mimi niliamini. Alikuja kwangu kutwanga, maana kinu changu kilikuwa kizuri, na nilipomwambia pole kwa kazi ya wageni, mchi ulisimama hewani.

"Wageni? Wageni hawanichoshe mimi! Mugeni anakula, anasema aksanti, anakwenda. Wamama wananitumia salamu toka Kindu, watoto wanapewa jina yangu. Nani amesema wageni?"

Ndipo akaeleza. Kaka yake, aliyemlea baada ya baba yao kufa, alikuwa ameandaa siku ya kumaliza matanga ya mama yao. Papa Katekista alikuja, akaomba vizuri mpaka watu wakalia. Halafu kaka mtu akaleta sahani kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, akamwekea bokilo wake, shemeji yake.

"Akasema alisha kula," nikasema.

"Akasema alisha kula." Alishusha mchi. "Miaka yote ile napikia watu ya treni, watu sijui hata jina. Yeye hawezi kula chakula ya mama yangu mara moja? Kaka aliangalia ile sahani kama mutu ameitemea mate. Nikamwambia mume yangu: rudia peke yako. Siku utakula hapa, ndiyo nitapika kule."

Hilo ndilo lililokuwa limesimama kati yao kiangazi chote. Kule Lubunga, nilisikia, Papa Katekista bado alienda stesheni. Aliwapikia wageni yeye mwenyewe, lituma ikashikamana na sufuria, na wageni wakaila kwa adabu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alikuja. Nyumba yetu ilikuwa karibu na bandari. Nilimwona akishuka kwenye pirogi, viatu mkononi, koti limelowa, amekonda. Nikakimbia. Sikuuliza kitu. Nilimkalisha kando ya moto, akajaribu kukataa kiti, nikamwambia kwa sauti ya mama yangu, "Kaa!" Akakaa.

"Nimekuja kumuchukua mama yenu," akasema.

"Najua. Utapita kwa kaka yake."

"Nitapita. Nitamuomba musamaha, nitaomba vizuri."

"Na akikuwekea sahani?"

Nilikuwa na liboke ya samaki juu ya makaa, majani yameanza kuungua pembeni. Nikaifungua mbele yake. Mvuke ukampiga usoni, nikaona koo lake likimeza mate. Mtu huyu alikuwa hajala tangu jana, hata mtoto angejua.

"Mwanangu," akaanza, "mimi nilisha..."

"Papa Katekista, usiniambie!" Nikamsogezea liboke. "Ulitufundisha wewe. Bwana Yesu alikula kwa nani? Alikula kwa Zakayo, alikula kwa Marta, alikula ndoani. Maisha yake yote alikuwa mugeni. Alikuwa na nyumba wapi? Alimupikia nani?"

Akafikiri. Bado alikuwa mwalimu. "Alichoma samaki," akasema. "Pale kando ya maji, kwa mitume."

"Ile ilikuwa kisha kufufuka. Wewe hujakufa bado!"

Alinitazama, na kitu kikamcheza mdomoni, karibu kucheka, halafu uso ukamvunjika. Sikuwahi kuona mzee akilia bila sauti. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha mtoni, "Mwanangu, nikikula kwa mutu, mimi nitakuwa nani? Kupokea mutu najua. Kupokewa... mutu anakuangalia ukiwa na njaa. Ninasikia haya. Tangu zamani ninasikia haya."

Hasira yangu yote iliisha hapo. Miaka yote nilidhani ni majivuno, na labda yalikuwa majivuno pia, lakini chini yake kulikuwa na mtu aliyeogopa kuonekana ana njaa. Nilimwambia, "Sisi wote ulituona na njaa, Papa. Hatukukufa kwa haya." Nikamwagia maji mikononi. Nikageuka kushughulika na moto, nisimtazame. Nikasikia majani ya liboke yakichakacha. Alikula kidogo, kwa shida, kama mtu anayemeza dawa, lakini alikula kwangu. Siwezi kueleza furaha niliyopata. Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Nikamsindikiza kwa shemeji yake, nisimwache abadili nia njiani.

Kaka mtu alimpokea bila maneno mengi. Salamu zikapita. Msamaha ukaombwa, tena vizuri, lakini kaka mtu aliusikiliza huku akitazama miguu yake. Alikuwa ameshasikia maneno mazuri ya mtu huyu. Akaenda ndani, akarudi na sahani, akaiweka. Mama Katekista alikuwa kwenye mlango wa jiko, ametupa mgongo, anapanguza sufuria iliyokuwa safi. Watoto wa ukoo walijaa dirishani.

Papa Katekista alibariki. Maneno mafupi safari hii. Nami nikashika kitambaa changu cha kichwa kwa mikono miwili.

Alikata kipande cha lituma, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akakata tena. Hakuharakisha. Kaka mtu alikaa chini, taratibu, akaanza kula naye kutoka sahani ile ile. Mama Katekista hakugeuka, lakini kitambaa chake kilikuwa kimesimama juu ya sufuria. Wakala mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini.

Hapo tulingoja asimame, apanguse suruali. Hakusimama. Aliitazama sahani tupu, akainua uso, akasema kwa sauti ndogo iliyokwaruza:

"Bokilo, samahani. Mimi bado niko na njaa."

Sufuria ikalia chini. Mama Katekista alikuwa amegeuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kicheko chake, hata hakuyafuta.

"Ngoja," akamwambia. "Iko ingine. Nilikuwekea."